Mvi za Kidato cha Kwanza

Mtu mzima wa kwanza kumwamkia mdogo wangu alikuwa dereva wa lori la kuni. Alimwona kwa nyuma, ameinama bombani akijaza ndoo, kichwa cheupe kama pamba iliyochambuliwa, akavua kofia yake.

"Shikamoo, mama."

Lugano, aliyekuwa na miaka kumi na tatu na mafua, aligeuka taratibu akaitikia kwa utulivu wa mjane wa mchungaji: "Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

Yule dereva hakuonekana tena shuleni kwetu Lihanje. Siku hizi kuni huletwa na mwingine, na huyo haamkii mtu kabla hajamwona usoni. (Ndiyo, bado tunapikia kuni. Dawa ya ubongo inaletwa na droni kutoka mjini, lakini jiko la jua tumeahidiwa tangu bibi yangu akiwa kidato cha pili.)

Mimi naitwa Tusekile, niko kidato cha tatu, na ndiye dada yake. Cheo hicho sikugombea. Tangu Lugano aanze kumeza dawa nimekuwa mlinzi, mfuaji na msemaji rasmi wa kichwa ambacho si changu, na kwa heshima zote naomba ifahamike kwamba nimechoka.

Kichwani mwake, nyuma ya jicho la kushoto, kuna uvimbe. Katika kila seli ya uvimbe ule kuna swichi iliyokwama kwenye kuwaka, na kidonge cha Jumatatu huenda moja kwa moja kuizima. Bahati mbaya, seli zinazotia nywele rangi hutumia swichi ya ukoo huohuo. Kwa hiyo nywele inayoota wiki uliyomeza huota nyeupe, na inayoota wiki usiyomeza huota nyeusi, na unywele mmoja ukiuvuta kwenye mwanga unasomeka kama rula. Nyusi hali kadhalika. Kope hali kadhalika.

Sasa, vidonge ni vichache kuliko watoto. Basi wakubwa wa Mpango wa kugawa dawa wakatengeneza kisomeo, kitu chenye umbo la kitana, na mara mbili kwa muhula hupitishwa kwenye kichwa cha kila mtoto anayepewa dawa. Kikiona weupe, unaendelea. Kikiona weusi, unaondolewa, na nafasi yako anapewa mtoto mwingine anayesubiri. Watu hudanganya, walisema wakubwa, lakini nywele hazidanganyi. Hawakuwa wamenifahamu.

*

Jumamosi kabla ya kusomwa, nilimkuta Lugano kwenye ngazi za bweni, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Bupe wa kidato cha pili. Nyuma ya Bupe kulikuwa na foleni.

Inabidi nieleze foleni. Lihanje kila kichwa hunyolewa siku ya kufungua shule, cha mtoto wa waziri na cha mtoto wa mpishi. Lugano peke yake ana kibali cha nywele, maana kisomeo hakisomi upara. Matokeo yake, bweni zima la wasichana wenye vidole vyenye njaa lina kichwa kimoja tu cha kusuka. Wanamlipa kwa karanga. Jumatatu anaingia darasani na twende kilioni, Jumatano mabutu, Ijumaa kitu ambacho hata aliyekisuka hakijui jina. Mwalimu wa Hisabati alishawahi kumwita "bibi harusi" kwa bahati mbaya, akaomba radhi.

"Da Tuse," Bupe aliniita, kitana kimeganda hewani. "Hebu njoo uone. Shamba lako limeota magugu."

Nikainama. Alipokuwa amegawa njia, chini kabisa, palepale nywele zinapotokea kwenye ngozi, palikuwa na weusi. Haukuwa mstari mwembamba. Ulikuwa na upana wa ukucha wangu, mweusi kama sisi wengine, na juu yake weupe wa zamani umesimama kama povu la sabuni.

"Dawa ya viatu hiyo," nilisema. "Nani kampaka dawa ya viatu?"

Niliwafukuza wote. Nikamburuta Lugano mpaka bombani, nikamsugua kwa sabuni ya mche mpaka akaanza kupiga chafya. Weusi haukutoka. Ulizidi kung'aa.

"Lugano."

"Abee."

"Hii nini?"

"Nywele."

"Rangi gani?"

"Si unaona mwenyewe, dada? Macho unayo mawili na yote mazima."

"Mara ya mwisho kumeza kidonge ilikuwa lini?"

Akajikausha uso kwa sketi, jambo ambalo mama angemkanya. Kisha akasema, kama mtu anayekwambia zamu ya kuosha vyombo si yake: "Mimi zamu yangu imekwisha. Sasa ni zamu ya Zawena."

Hapa tena naomba subira. Lihanje hakuna anayekula tranka yake peke yake. Wawili huungana, kama Lugano na Zawena: tranka moja huwekwa chakula, nyingine nguo, na kila kilichomo huliwa kwa zamu. Wiki hii wewe unalamba kijiko cha maziwa ya unga, wiki ijayo mwenzako. Anayekula nje ya zamu huitwa mchoyo, na jina hilo utahitimu nalo. Ni sheria nzuri. Imetulea vizuri. Lakini ilitungwa kwa ajili ya maziwa ya unga, na mdogo wangu, mtoto aliyepata A ya Sayansi darasa la saba, alikuwa ameichukua akaipeleka kwenye dawa ya ubongo.

"Matroni si anakupa mkononi?"

"Ananipa. Naweka chini ya ulimi. Akigeuka kufunga kabati, natoa."

"Unampa Zawena kidonge kilichotoka mdomoni mwako?"

"Nakifuta kwanza," alisema, ameudhika kweli. "Kwani mimi mchafu?"

Nilimwita Zawena. Alikuja mbio, ushungi umemfunika mpaka chini ya mabega, macho chini, binti mwembamba kutoka Tunduru ambaye huomba radhi hata kwa mlango anaougonga. Nyusi zake zilikuwa nyeusi mno. Nikalowesha ncha ya kanga yangu, nikamshika kidevu, nikamfuta. Kanga ikatoka na masizi ya sufuria. Nyusi ikatoka nyeupe.

"Shikamoo, Da Tuse," alisema, machozi yakimtiririka.

"Marahaba. Vua ushungi."

Nywele zake zilikuwa fupi, zimeota tangu kunyolewa, na zilikuwa nyeupe pe, kama unga uliomwagika.

*

Zawena naye alikuwa mtoto wa kidonge. Alikuwa nacho tangu darasa la sita. Siku ya kufungua shule alifika na kibali cha nywele ndani ya begi, begi juu ya gari, na kichwa chake mbele ya Mwalimu Haule, mwalimu wa nidhamu, ambaye siku hiyo huwa na mashine ya kunyolea mkononi na furaha isiyo ya kawaida usoni.

"Mwalimu, nina kibali—"

"Kibali baadaye. Kichwa kwanza."

Wiki hiyohiyo kisomeo kikaja. Kikapita juu ya upara wa Zawena, hakikukuta kitu. Kisomeo kina majibu mawili tu, anameza au hamezi. Wakubwa walisahau kuweka jibu la tatu, amenyolewa na mtu mzima asiyesikiliza. Hamezi, kikasema. Akaondolewa.

Aliyeondolewa anaruhusiwa kukata rufaa mara moja. Masharti yake nimeyasikia kwa masikio yangu, yakisemwa na mtu mzima bila kucheka: awe na nywele zinazoonyesha kwamba anameza dawa. Yaani ukitaka turudishe dawa tuliyokunyang'anya, thibitisha kwamba umeendelea kuitumia.

"Kwa hiyo mimi nilifikiri," alisema Lugano, akiwa amekaa juu ya ndoo, vidole vikihesabu hoja, "uvimbe wangu ulishasinyaa. Dokta mwenyewe alisema umekuwa kama njegere. Wa Zawena ulikuwa kama limau. Nani mwenye njaa zaidi? Nikampa. Nywele zikaota. Jumatatu atasomwa, atarudishiwa nafasi yake. Hesabu imekubali."

"Na wewe Jumatatu utasomwa nini?"

Ilionekana wazi kwamba hesabu ilikuwa imefika hapo ikaishiwa karatasi.

"Nilijua utafikiria kitu," alisema hatimaye. "Wewe si ndiye Tusekile?"

Watu hunipongeza kwa namna za ajabu. Mimi ndiye niliyeweka saa ya kengele ndani ya kinanda cha kanisa. Mimi ndiye niliyemfundisha kasuku wa mkuu wa shule kusema "Ripoti ofisini kwangu" kwa sauti ya Mwalimu Haule, shule nzima ikapanga mstari mbele ya kichaka. Na sasa mdogo wangu alikuwa ameacha dawa ya uvimbe wa ubongo akitegemea kwamba mwisho wake dada atafanya utundu.

Kibaya zaidi, utundu ulikuwepo, na ulikuwa mzuri.

*

Jumapili baada ya ibada, wakati wengine wanafua, nilimketisha Lugano nyuma ya kamba za nguo. Nilikuwa na chupa ya haidrojeni peroksaidi kutoka maabara, kijiko, na mswaki wa zamani. Kisomeo hakionji wala hakinusi, kinaangalia mwanga unaorudi. Nywele nyeusi ikichujwa rangi ikawa nyeupe, kisomeo kitasema anameza. Zawena atasomwa mweupe, Lugano atasomwa mweupe, vidonge viwili vitashuka na droni badala ya kimoja, na hakuna atakayejua chochote mpaka siku ya kiyama, ambapo nitakuwa na mengine ya kujibu kabla ya hilo.

"Kaa sawa. Ukitikisika nitakutoa jicho."

Alikaa sawa. Alikuwa na kitabu cha Biolojia magotini, anajisomea. Nikachovya mswaki. Nikagawa njia ya kwanza. Ndipo nikaona kwamba anasoma huku amefumba jicho la kushoto.

"Mbona umefumba?"

"Jua."

Tulikuwa kivulini, chini ya mashuka ya bweni zima.

"Lugano. Fumbua jicho, uniambie naonyesha vidole vingapi."

Akafumbua. Jicho la kulia liliniangalia. La kushoto lilichelewa kidogo, likaenda upande wa pua, likakaa huko kama mwanafunzi aliyekosa njia.

"Viwili," alisema.

Nilikuwa nimenyoosha kimoja.

"Tangu lini?"

"Si kila wakati. Asubuhi tu. Na kichwa kikiuma."

"Kichwa kinauma tangu lini?"

"Da Tuse, utapaka au hupaki? Mgongo unaniuma."

Niliurudisha mswaki kwenye chupa.

Kwa sababu nilikumbuka maneno ya Dokta Mbilinyi, yule mama anayekuja na kisomeo. Mwanzoni mwa muhula nilimuuliza, kwa uchokozi tu, wanafanyaje nywele zikiwa nyeupe na uvimbe bado unakua. Alinijibu bila kuinua uso. "Hapo tunajua dawa imeshindwa, mwanangu. Tunaiacha. Tunaingia kwa kisu. Na pale ulipo uvimbe wa mdogo wako, kisu kikiingia hakitoki peke yake. Kinatoka na jicho, au na maneno."

Nikielezea kwa lugha nyepesi: uvimbe wa Lugano ulikuwa unarudi kwa sababu hakumeza. Nikiupaka weupe ule, nitakuwa nimewaambia madaktari kwamba alimeza. Watapiga picha, wataona uvimbe umekua, watasema dawa imeshindwa. Wataacha dawa ambayo haijashindwa. Watachukua kisu. Na mimi nitakuwa nimesimama mlangoni na utundu wangu bora kuliko wote, uliofaulu kabisa.

Nisipoupaka, kisomeo kitasema hamezi, na ataondolewa.

Nikisema ukweli wote, kwamba alimpa Zawena, kisomeo hakitajali, lakini watu watajali. Watasema Zawena amekula dawa ya mwenzake. Atafutwa moja kwa moja, hakuna rufaa. Na Lugano ataondolewa vilevile, kwa kuwa alitoa kwa hiari.

Nilimwaga peroksaidi kwenye majani. Majani yakaungua.

"Sasa umefanya nini?" Lugano aliuliza.

"Nimefikiri."

"Na?"

"Nenda kalale. Na kuanzia leo, ukimpa mtu hata punje ya karanga bila kuniuliza, nitakunyoa mwenyewe kwa wembe."

*

Kusomwa hufanyika bwaloni, kwenye meza ileile tunayolia ugali, ikiwa imefutwa kwa heshima ya Sayansi. Dokta Mbilinyi alikuwa amekaa, amechoka, viatu amevivua chini ya meza. Pembeni walisimama Matroni na Mwalimu Haule, ambaye hana kazi yoyote katika zoezi hilo lakini hupenda kushuhudia. Mimi niliruhusiwa kama ndugu wa mgonjwa.

Zawena alitangulia, kwa rufaa. Akavua ushungi.

Haule aliona nywele kabla hajaona kitu kingine chochote. "Wewe! Nani kakuruhusu nywele zizidi?" Na, Mungu ni shahidi, mkono wake ukaingia mfukoni ukatoka na mashine ya kunyolea. Huwa anatembea nayo.

"Mwalimu!" Dokta Mbilinyi alisimama bila viatu. "Ukimgusa mtoto huyu nakunyoa wewe!"

"Mimi nafuata kanuni tu, Dokta."

"Kanuni yako ndiyo iliyomwondoa mara ya kwanza. Rudi ukutani."

Alirudi ukutani. Kisomeo kikapita kichwani mwa Zawena, kikalia kama kuku anayetaga, kikasema kwa ile sauti yake tamu ya matangazo ya biskuti: "Anameza. Hongera, mgonjwa mpendwa. Nafasi yako imerudishwa."

Dokta hakufurahi. Aliangalia zile nywele kwa muda, akaangalia kisomeo, akamwangalia Zawena. "Mwanangu, wewe uliondolewa. Umemeza nini?"

Zawena alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu. Akaufunga.

"Anayefuata," alisema Dokta, polepole.

Lugano akakaa. Kisomeo kikapita. Hakikulia. Kikasema, kwa utamu uleule: "Hamezi. Weusi umeonekana. Tafadhali taja chanzo."

Matroni akasogea mezani.

"Maana yake nini, taja chanzo?" aliuliza Matroni.

"Maana yake kuna mtu aliyesababisha asimeze," alisema Dokta Mbilinyi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kusema maneno haya mahali pengine, kwa mtoto mwingine. "Kama ni mtoto mwenyewe aliyeamua, anaondoka. Kama ni mgonjwa mwenzake aliyechukua, mwenzake anafutwa. Kama ni mtu mwingine na amezuiwa, mtoto anabaki, anamezeshwa mbele ya macho. Lugano, mama. Niambie. Ilikuwaje?"

Nilimwona Lugano akivuta pumzi. Namfahamu. Ni mtoto anayesema ukweli kama mtu anayetema mbegu, hajali zinaangukia wapi.

"Ni mimi," nilisema.

Wote wakageuka.

"Mimi ndiye niliyefanya, Dokta. Nilitaka kuona kama Zawena naye ataota mvi. Nilikuwa nabadilisha kidonge cha Lugano kabatini, naweka cha chokaa nilichochonga mwenyewe. Kile cha kweli nilikuwa nakisaga kwenye uji wa Zawena. Yeye hakujua. Lugano hakujua. Nilipanga wafanane, waingie siku ya wazazi kama mabibi wawili."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Nilikuwa nimetunga ufunguo wa kabati nilivyoupata, chokaa nilivyoichonga, hata jina nililoupa mpango wenyewe. Kama msemaji rasmi wa kichwa kile, masharti ya chanzo niliyajua, na usiku kucha nilikuwa nimekariri. Hakuna aliyeuliza.

"Nilijua!" alisema Mwalimu Haule, na uso wake ukajaa amani. "Nilijua tangu kasuku."

"Mwili wangu ulishaniambia," alisema Matroni.

Hivyo tu! Sentensi moja, na watu wazima wawili wenye akili timamu wakaridhika kwamba ninaweza kumwibia mdogo wangu dawa ya ubongo ili nicheke. Sijawahi kuaminiwa haraka hivyo maishani mwangu, na ninapenda kusema hapa kwamba iliniudhi sana.

"Muongo!" Lugano alisimama juu ya benchi. "Muongo huyo! Ni mimi niliyempa! Zawena, sema!"

"Masikini," alisema Matroni, akimshika bega. "Anamtetea dada yake. Ona moyo ulivyo."

"Simtetei! Namsemea! Nyie mbona hamsikii?"

"Tulia, mwanangu. Tulia. Umeshateseka."

Zawena alianza kulia kwa sauti, ambako kila mtu alikuchukulia kuwa ni mshtuko wa kusikia kilichokuwa kwenye uji.

Dokta Mbilinyi peke yake alikuwa ananitazama mimi.

"Kidonge hiki ni kichungu kuliko nyongo," alisema. "Kikisagwa, ulimi hufa ganzi mpaka jioni. Mtoto huyu alikunywa uji huo kila Jumatatu asihisi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu chekechea haukutoka uongo wowote.

"Dokta," alisema Mwalimu Haule kutoka ukutani, kwa kujiamini kabisa, "wewe hujanywa uji wa hapa."

Matroni alimgeukia. "Uji wa hapa una nini, Mwalimu?"

"Sijasema una kitu, Matroni. Nasema hauna."

Walianza kubishana. Dokta hakuwasikiliza. Aliniinamia, akashusha sauti. "Hajameza tangu lini? Na safari hii unijibu mimi, usiujibu ukuta."

"Tangu wiki ya pili ya muhula. Hata kimoja. Hiyo ni kweli, Dokta. Na asubuhi anaona viwili viwili, jicho la kushoto linaenda puani, kichwa kinamuuma na hasemi. Dawa haijashindwa. Hajaimeza tu. Tafadhali andika hivyo hivyo."

"Kwa hiyo unajua kwa nini nauliza."

"Ndiyo."

Alimgeuza Lugano kwenye dirisha, akamwashia taa jichoni, akamwambia afuate kidole. Akamwangalia Zawena, yale masizi yaliyobaki kwenye kope. Akaniangalia mimi. Kisha akaandika kidirishani mwa kisomeo, akisema kila neno kwa sauti ili tusikie, kwamba mgonjwa hakupata dawa kuanzia wiki ya pili, kwamba apigwe picha ya kichwa wiki hii mjini, kwamba chanzo ni ndugu, na kwamba chanzo kimezuiwa.

"Asante kwa maelezo yako," kilisema kisomeo. "Mgonjwa anaendelea."

"Na ndugu?" aliuliza Mwalimu Haule, kwa hamu.

*

Ndugu alisimamishwa masomo mpaka mzazi afike, na baada ya hapo bodi itakaa kujadili kama arudi. Mama alinipigia simu ya ofisi. Alilia kwanza, kisha akaniuliza kama nimelogwa, kisha akalia tena. Sikumwambia kitu. Mama hawezi kutunza siri hata ya bei ya nyanya.

Jioni hiyo nilikuwa getini, nimekalia tranka yangu, godoro limekunjwa pembeni, nikisubiri gari la mjini. Bupe alipita na wenzake. Mmoja alinitemea mate karibu na kiatu. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi, ningelenga vizuri zaidi.

Kisha nikawaona Matroni na Lugano wanakuja kutoka zahanati, Zawena nyuma yao. Matroni alibeba kikombe cha maji na vipakiti viwili. Amri mpya: wanamezeshwa mbele ya macho, mdomo wazi, ulimi juu. Zawena alikuwa amekwisha kumeza. Ulimi wake aliuachia nje kidogo, kana kwamba ukaguzi haujaisha.

Lugano alikuwa amekataa.

"Amesema hamezi mpaka aongee na wewe," alisema Matroni, bila kuniangalia usoni. "Dakika moja. Na uweke mikono yako ninapoiona."

Lugano alisimama mbele yangu, nywele zimefumuliwa, nusu nyeupe nusu nyeusi, macho mekundu. Alikuwa amekasirika kuliko siku yoyote ninayoikumbuka.

"Wanakuita mchawi," alisema. "Bweni zima. Wanasema nilale na chumvi chini ya mto."

"Chumvi inafukuza mbu."

"Usinifanyie utani, Tusekile!" Hakuniita dada. "Kitu kizuri nilichofanya umekifanya kibaya, halafu umekichukua. Mimi sikukupa. Nitawaambia kila siku. Nitamwambia mkuu wa shule, nitamwambia mama, nitasimama kanisani niwaambie. Nitasema mpaka wataniamini."

Gari la mjini lilikuwa limeshaanza kuonekana kwenye kona ya chini, taa zake zinapanda na kushuka na mashimo.

"Sema," nilimwambia. "Lakini meza kwanza."

Alinitazama kwa jicho moja, lile zima. Akapokea kikombe. Akaweka kidonge juu ya ulimi, akanywa maji, koo likapanda likashuka. Kisha, bila Matroni kumwambia, akafungua mdomo wazi kabisa, akainua ulimi, akaunyoosha kwangu mimi.

Niliangalia chini yake, kulia na kushoto, kwa makini, mpaka dereva akapiga honi.